Kobalti inatoka kwetu, juu ya nini wifi inakataa kwetu?

Tamko la vijana wa harakati ya wananchi, kartie ya Hewa Bora, Lubumbashi

Kwa wandugu wanafunzi, kwa wazazi wenye kulipa minervali, kwa wauzaji na mafundi wa mashini, kwa wakubwa wa jimbo na wa muji, na kwa kila mwananchi aliyeambiwa: "Mashini yako ni nzima, njo wifi tu haikamate."

Sisi vijana wa Hewa Bora tumechoka na neno moja. Neno lenyewe ni hili: "Linux haina wifi." Linasemwa madukani, linasemwa chuoni, linasemwa na mafundi wenye kutumika kando ya barabara. Mwanafunzi analeta kompyuta yake, wanaiweka Linux, kila kitu kinatembea: skrini, sauti, kibodi, kamera. Wifi peke yake inakataa. Fundi anatikisa kichwa, anarudisha Windows ya wizi, anachukua dola zake, na mwanafunzi anarudi nyumbani na virusi ndani ya mfuko. Leo tunasema wazi: neno hilo ni uongo. Tena ni uongo wenye kuleta faida kwa watu fulani, na hasara yake tunailipa sisi.

Juu ya nini tunalisema sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga kazi ya kulinda Windows 10. Watu wa kawaida waliongezewa mwaka mmoja tu wa usalama, tena kwa masharti. Ile Windows 11 inayofuata haikubali kila mashini. Inataka chipu ya usalama yenye kuitwa TPM 2.0, na inataka prosesa zilizo kwenye orodha yake. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo karibu yote inaanza na kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017.

Sasa angalieni mashini ambazo mtoto wa Hewa Bora anaweza kununua. Ni za okazyo. Zimetumika Bulaya ao Dubai, zikashuka bandarini Dar es Salaam, zikapanda lori, zikapita Zambia, zikaingia Kasumbalesa. Nyingi ziko za mbele ya mwaka ule. Haziharibiki, haziungui, haziko nzito kuliko jana. Kuna mtu tu, mbali sana na hapa, aliyeamua kwamba zimezeeka.

Kwa mashini hizo Linux si mchezo wa wapenzi wa kompyuta. Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zao haziombi leseni ya kulipa. Mashini ya mwaka 2013 yenye gigabaiti 4 za memori inaandika TFC, inafungua PDF, inapiga hesabu, inafundisha programu. Mzazi aliyekwisha kuuza mali yake kwa kununua mashini hiyo hapashwi kununua nyingine. Lakini mashini bila intaneti ni taipu yenye skrini. Masomo, barua za kazi, fomu za borsi, vyote vinapita kwenye mtandao. Nyumba nyingi za kwetu hazina kamba ya mtandao hata moja, na mashini nyembamba za miaka hii hazina hata tundu la kuitia. Kwa hiyo swali lote linabaki kwenye ile kadi ndogo ya wifi. Ikikamata, mashini imefufuka. Ikikataa, fundi anarudisha Windows ya wizi na tunabaki palepale.

Ukweli juu ya wifi na Linux

Kadi ya wifi ni redio ndogo. Ili itumike, mara nyingi inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni programu ya kuiongoza, ambayo sisi tunaiita piloti: hiyo inakaa ndani ya kiini cha Linux. Cha pili ni fimwea, yaani kifurushi kidogo cha maagizo ambacho piloti inakisukuma ndani ya chipu kila mara mashini inapowaka. Piloti bila fimwea ni mwalimu bila chaki.

Anayejua lugha ya chipu ni aliyeitengeneza. Akiitoa lugha hiyo, watu wanaandika piloti mara moja, inaingia kwenye kiini cha Linux, na dunia nzima inaipata bila kutafuta. Akiificha, kadi inakuwa bubu. Njo siri yote. Haiko uchawi, haiko udhaifu wa Linux.

Mifano iko. Mwaka 2008 kampuni ya Atheros ilitoa piloti yake ath9k ikiwa wazi, na mpaka leo mashini zenye chipu zile zinakamata wifi bila maneno. Intel inaandika piloti zake ndani ya Linux yenyewe. Fimwea yake imefungwa, hatutaisifu kwa hiyo, lakini imeruhusu watu waigawanye, kwa hiyo inafika pamoja na mfumo.

Kinyume chake ni Broadcom. Kwa miaka mingi kampuni hiyo haikutoa maelezo ya chipu zake kwa watu wa Linux. Basi watu wa kujitolea walifanya kazi ya subira. Kundi moja lilichunguza namna chipu inavyoendeshwa, likaandika maelezo. Kundi lingine halikugusa programu ya kampuni hata kidogo. Lilisoma maelezo yale tu na kuandika piloti mpya, ili mtu asiseme kwamba wameiba. Mwaka 2006 piloti hiyo iliingia kwenye Linux. Hata hapo fimwea haikuruhusiwa kugawanywa: kila mtumiaji alipashwa kuvuta programu ya kampuni kutoka mtandaoni, kisha kukata fimwea kutoka ndani yake kwa chombo kinachoitwa b43-fwcutter. Ni mwezi wa Septemba 2010 tu ambapo Broadcom yenyewe ilitoa piloti ya wazi, kwa baadhi ya chipu zake mpya. Chipu nyingine zilibaki na piloti iliyofungwa, ile yenye jina wl, ambayo mpaka leo inasumbua watu wenye MacBook za zamani.

Kwa hiyo mtu akisema "Linux haina wifi", ni sawa na kumfunga jirani mdomo halafu kumcheka kwamba hajui kuongea.

Ufunguo uko ndani ya nyumba

Angalieni mtego ulivyo. Wifi haikamati juu fimwea haipo. Fimwea iko kwenye intaneti. Intaneti inataka wifi. Umefungiwa nje na ufunguo uko ndani ya nyumba.

Kwa mtu wa Paris ao Chicago, mtego huo ni usumbufu wa dakika kumi: anachukua mashini nyingine, anavuta faili, maisha yanaendelea. Kwa mtu wa Hewa Bora, mashini ya pili haiko, mega zinanunuliwa kwa kuhesabu, na courant inaweza kukatika katikati ya kazi. Kosa lilelile linalomchelewesha tajiri linamtoa masikini njiani kabisa. Wenye kutengeneza chipu hawakutuwaza, kwa sababu hawakuwahi kutuona kama wanunuzi. Sisi kwao ni watu wa kuchimba.

Na hatutawaachilia wandugu wetu wa upande wa programu huru. Kuanzia toleo la 6 la mwaka 2011, Debian ilitoa nje ya kiini chake kila fimwea iliyofungwa. Sababu yao ilikuwa ya heshima: hawakutaka kugawanya kitu ambacho watu hawawezi kukisoma na kukirekebisha. Lakini kwa miaka mingi mtu aliyeweka Debian kwa flashi rasmi alifika katikati ya kazi na kuambiwa atafute fimwea mwenyewe, ailete kwenye flashi nyingine. Aitafute wapi, kwa intaneti gani? Uhuru wenye kuomba mega mbele ya kufungua mlango, masikini hauonji.

Debian walibishana kati yao, wakapiga kura mwaka 2022, na kura ikasema fimwea iingie kwenye flashi rasmi. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, ilikuja nayo ndani. Tunawapongeza, na tunatoa funzo: hata wenye kanuni kali wanaweza kubadilisha njia bila kutupa kanuni, kama kuna watu wenye kusema kwa sauti nani anabaki nje.

Kuna kufuli zingine pia. Mashini kadhaa za HP na Lenovo za miaka iliyopita ziliwekewa ndani ya BIOS orodha ya kadi za wifi zenye kukubaliwa. Ukitoa kadi mbaya na kuweka nzuri, yenye bei ndogo, mashini inakataa kuwaka mpaka uitoe. Mashini ni yako, umelipa, risiti unayo, lakini ruhusa ya kubadilisha kipande cha ukubwa wa kidole gumba haiko yako. Mwenye nyumba anaomba ruhusa ya kubadilisha balbu!

Shaba yetu, kobalti yetu

Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote yenye kuchimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka kwenye udongo huu wa Katanga, kutoka Kolwezi mpaka huku kwetu. Betri za kompyuta za mkononi zimetumia kobalti kwa miaka mingi. Shaba iko kwenye nyaya na kwenye bodi ya kila mashini. Hatusemi kwamba kila kompyuta ina kipande cha Kolwezi ndani. Tunasema kwamba hakuna muji duniani wenye haki kubwa kuliko Lubumbashi ya kuuliza: mali inatoka wazi, kwa malori, mchana kweupe, juu ya nini inarudi imefungwa?

Malori yenye kushuka na shaba yanapishana barabarani na yale yenye kupanda na mashini za okazyo. Mbele yalikuwa madini tu. Sasa wanatuuzia madini yetu yakiwa na kufuli, na ufunguo unabaki kwao. Babu zetu walichimba kwa Union Minière tangu mwaka 1906 na hawakuulizwa nini kinafanyika na shaba. Sisi wajukuu tunauliza.

"Nyinyi hamuna matatizo makubwa kuliko hayo?"

Tunajua jibu watakalotupa. Watasema: mashariki kuna vita, maji hayatoki, barabara ni mashimo, nyinyi munalia juu ya wifi? Wandugu, ni sisi haohao tunaolia juu ya vita, maji na barabara. Tunalilia wapi? Tunalilia kwenye mtandao, kwa sababu redio na televisheni haziko zetu.

Tusisahau. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, intaneti ilikatwa inchi nzima, na ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Tusisahau pia RAM: mwaka 2020 walileta malipo juu ya kila telefone, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G, yakikatwa kwenye yunite za mwananchi bila kumuuliza. Wananchi walikataa, vijana walikataa, wabunge wakaanza kuuliza, na mwaka 2022 malipo yale yaliondolewa. Kukata intaneti, kutoza telefone na kuficha lugha ya chipu si jambo moja, na hatutadanganya mtu kwamba ni jambo moja. Lakini funzo ni moja: mwenye kushika ufunguo wa mawasiliano anashika mdomo wa mwenziwe. Na RAM ilionyesha kwamba ufunguo unaweza kuachiliwa, kama watu wanasema hapana kwa muda mrefu wa kutosha.

Hata makampuni yanasikia. Mwaka 2003, watu walipogundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani, walidai sheria ya leseni iheshimiwe. Kampuni ikatoa maandishi ya programu yake, na mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukazaliwa kutoka hapo. Ruta ngapi leo zinaishi miaka zaidi kwa sababu watu wachache walikataa kunyamaza!

Mbele ya kumpa fundi falanga yako

Tamko bila msaada ni kelele. Basi shikeni haya.

Moja: angalia kwanza kama wifi imezimwa. Mashini nyingine ziko na kitufe pembeni ao kidude chenye alama ya ndege kwenye kibodi. Andika rfkill list katika terminali. Ikionyesha kwamba imezuiwa, izuie isizuiwe: bonyeza kitufe kile, ao andika rfkill unblock all.

Mbili: jua jina la chipu yako. Andika lspci -nnk, ao lsusb kama kadi ni ya kuchomeka. Utaona kama ni Intel, Atheros, Broadcom, Realtek ao MediaTek, na lspci itakuonyesha pia kama kuna piloti inayotumika. Bila jina hilo, fundi anabahatisha.

Tatu: andika sudo dmesg | grep firmware. Kama mashini inalalamika kwamba faili fulani haipo, umeshapata mgonjwa na dawa yake: jina la faili liko palepale.

Ine: kutoka kwenye mtego, tumia telefone. Iunge na mashini kwa kamba ya USB, halafu kwenye telefone washa kugawana intaneti kwa USB. Linux inaitambua telefone ya Android kama kamba ya mtandao, bila kutafuta kitu kingine. Fimwea nyingi ni ndogo, hazimalizi mega zako. Telefone hiyo ndiyo dirisha la kuingilia kuchukua ufunguo.

Tano: kama unaweka piloti ya wl na inakataa kuwaka, angalia Secure Boot kwenye BIOS. Piloti isiyo na sahihi inazuiwa hapo mpaka uisajili sahihi yake ao uzime ulinzi huo.

Sita: kama kadi yako haina matumaini, nunua ya kuchomeka USB yenye chipu AR9271 ya Atheros. Haina mbio kubwa, lakini hata fimwea yake iko wazi tangu mwaka 2013. Uliza jina la chipu, usiulize rangi ya boksi: kadi mbili za jina moja la dukani zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti.

Tunachodai

Kwa serikali ya jimbo, kwa Hôtel de Ville, kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwa kila shule yenye kununua mashini kwa pesa za umma: inchi iko na sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya umma. Masharti ya manunuzi yanaandikwa na mnunuzi. Basi andikeni mstari mmoja: kila kompyuta iwake na Linux na ikamate wifi bila kuvuta kitu chochote, ipimwe mbele ya malipo, tena mbele ya watu. Mstari huo haugharimu falanga hata moja. Usipoandikwa, tutauliza kwa sauti nani anafaidika na kutouandika.

Kwa vyuo: wekeni nakala ya Debian ao Ubuntu kwenye seva ya ndani ya kampasi, pamoja na fimwea zote zenye kuruhusiwa. Leseni zake zinakubali kunakili. Mwanafunzi wa Kasapa asinunue mega kwa kuvuta faili ambayo mwenziwe ameivuta jana kwenye kiti cha pembeni.

Kwa wauzaji: mruhusuni mnunuzi kuwasha mashini kwa flashi ya Linux mbele ya kulipa. Ni dakika kumi. Andikeni jina la chipu ya wifi kwenye karatasi ya bei. Muuzaji mwenye mashini nzuri hana cha kuogopa, na sisi tutawaambia watu wapi wanauziwa kwa uwazi.

Kwa watengenezaji wa chipu, popote mulipo: tieni piloti zenu ndani ya Linux, ruhusuni fimwea zenu zigawanywe, na siku munapoacha kuuza chipu, achieni lugha yake. Hatuombi zawadi. Tunaomba kitu tulichonunua.

Kwa sisi wenyewe: tutafanya salongo. Wengine wanaifanya kwa majembe, sisi tutaifanya kwa flashi. Mwenye kujua atamwonyesha asiyejua, bila kulipwa, na kila mwenye kusaidiwa atasaidia wawili. Hakuna mtoto wa kartie hii atakayerudishiwa Windows ya wizi kwa sababu ya faili ndogo iliyokosekana.

Kartie yetu inaitwa Hewa Bora. Wifi inatembea hewani, na hewa hiyo tunaipumua sisi. Mashini tumenunua, shaba imetoka kwetu, kobalti imetoka kwetu. Mlango ufunguliwe.

Imeandikwa Lubumbashi, katika kartie ya Hewa Bora.
Sisi vijana wa harakati ya wananchi.